Dada Hakufa kwa Wasiwasi

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, kaka yetu mkubwa alisimama sebuleni kwake mbele ya ndugu wote, akamnyooshea kidole binti wa marehemu.

"Wewe ndiye uliyemuua mama yako," alisema. "Wasiwasi juu yako ndio uliomfikisha kaburini. Sasa kaa ukijua."

Mimi niliyejua ukweli nilikuwa nimekaa karibu na mlango, sinia la vikombe mapajani, na nikawa naangalia vikombe. Yule mtoto alinyanyuka akatoka nje. Ndugu kadhaa wakaaga wakaondoka pale pale, kwa kuwa wambea hawapendi kungoja mwisho wa habari. Hao ndio waliosambaza maneno ya kaka hadi kanisani. Kilichofuata hawakukiona, na hawajauliza.

Basi naandika. Dada hakufa kwa wasiwasi. Wasiwasi aliachana nao miezi mitano kabla ya kufa, mchana kweupe, nami nilikuwepo.

Sisemi kwamba hakuwahi kuwa nao. Alikuwa nao wa kula na wa kusaza. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa kwenye duka moja la kufulia nguo. Mimi nilikaa mbele, dirishani: napokea nguo, napekua mifuko, nabana kikaratasi cha namba kwa pini, namwandikia mteja siku ya kuja kuchukua. Dada alikuwa nyuma ya pazia, kwenye meza ya pasi. Shati kwake lilikuwa na utaratibu kama ibada: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho. Joto la pasi alilipima kwa kuisogeza karibu na shavu. Sijawahi kuona mtu aliyeijua pasi kama yeye, wala aliyeiogopa kama yeye.

Tulipokuwa wadogo chumba cha jirani yetu kiliteketea kwa pasi iliyosahauliwa, na sisi tuliangalia tukiwa tumefungwa blanketi moja. Mimi nilisahau. Yeye hakusahau. Kila tukifunga duka, tukifika kona ya duka la dawa, alisimama.

"Nilizima pasi?"

"Ulizima."

"Uliniona?"

"Nilikuona, dada."

"Uliona plagi imetoka ukutani, au uliona nimebonyeza swichi tu?"

Tunarudi. Siku nyingine tulirudi mara mbili. Mwenye duka alichoka kuombwa afungue mlango, akamchongea dada ufunguo wake mwenyewe. Kaka akambatiza jina la Mama Itakuwaje, na kwa kuwa katika ukoo wetu kaka ndiye mwenyekiti wa kila kikao, jina likashika. Ukifika msiba, ukifika ubatizo, utamsikia: "Mkaribisheni Mama Itakuwaje, lakini kwanza mumhakikishie paa halitaanguka." Watu wanacheka. Dada naye anacheka, huku akiangalia paa.

Sasa Mungu ana utani wake. Mwanamke huyo anayeogopa plagi alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto akasomea ufundi umeme. Si umeme wa kubadilisha balbu. Umeme wa kupanda nguzo. Anavaa ukanda, anavaa kofia ngumu, anapanda mpaka kule waya zinakovuma, na anapenda. Baba yake alikwenda kutafuta maisha tangu mtoto akiwa tumboni, na inaonekana maisha hayo alipoyapata hayakumruhusu kurudi. Kwa hiyo hofu yote ya wazazi wawili ilibebwa na mmoja.

Dada alimpigia asubuhi akitoka nyumbani. Alimpigia saa ya chai. Alimpigia mchana. Upepo ukitikisa tu shuka uani, alipiga. Siku moja niliwasikia:

"Umeshashuka?"

"Bado, mama."

"Basi shuka unijibu."

Nilicheka sana siku ile. Ningejua, nisingecheka.

Asubuhi moja dada aliota vibaya. Badala ya kumpigia binti, alimtafuta msimamizi wa kazi, akamwomba kwa heshima zote asimpandishe mwanawe siku hiyo. Msimamizi akawasimulia mafundi wote. Alasiri binti aliingia dukani na buti zake za kazi, wateja watatu wamesimama dirishani, akapita moja kwa moja hadi kwenye pazia akalivuta.

"Mama, umempigia msimamizi wangu?"

"Niliota vibaya, mwanangu."

"Uliota! Sasa wanaume kumi na wawili wananiita Ndoto. Nimeondolewa kwenye nguzo mwezi mzima. Nimewekwa stoo, nawagawia wenzangu glavu na kamba."

"Lakini stoo si ndiyo salama zaidi?"

Jibu hilo lilikuwa kama mafuta ya taa motoni.

"Mama, mimi si pasi! Huwezi kurudi kila saa kuangalia kama nimezimwa! Unajua wiki iliyopita ulivyonipigia nilikuwa wapi? Juu. Simu ikalia mfukoni, nikashtuka, mguu ukateleza. Ukanda ndio ulionishika. Kitakachoniua si umeme. Ni simu yako!"

Dada alibaki na shati la mtu mkononi.

"Usinipigie tena," binti alisema. "Usipige kwangu, usipige kwa msimamizi, usipige kwa mtu yeyote. Nikitaka kuja nitakuja mwenyewe."

Akatoka. Mmoja wa wateja akasema, "Watoto wa siku hizi!" Nilimwandikia siku ya mbali kuliko wenzake, kwa sababu hakuulizwa. Lakini moyoni nilikubaliana naye. Nilimchukia yule mtoto. Kumfokea mama yako mbele ya watu, na buti miguuni! Niliiweka ile hasira mahali pazuri nisije nikaipoteza.

Dada hakula vizuri tangu siku ile. Simu aliishika lakini hakupiga, kwa sababu sasa alikuwa na hofu mbili: hofu ya nguzo, na hofu kwamba yeye mwenyewe ndiye hatari. Alikonda, kola za watu zikaanza kutoka na mikunjo.

Nilimpeleka kwenye kikundi cha maombi cha wanawake kanisani kwetu. Naomba niseme hili bila kuremba: walimtesa. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alimwambia wasiwasi ni dhambi kama wizi. Mwenye imani hawazi. Ukiwaza, umemwambia Mungu muongo. Dada aliingia na mzigo mmoja akatoka na miwili: akawa na wasiwasi kwamba ana wasiwasi.

Mara ya tatu waliamua ni pepo. Walimweka katikati, wakamshika kichwa, mabega na mgongo, wakakemea kwa pamoja. Mama Kiongozi alikuwa anapiga kelele, "Toka! Toka! Sema jina lako!" Dada akafumbua macho, akanitafuta kati ya wale watu, akauliza, "Mdogo wangu, nilizima pasi?"

Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

"Mmesikia?" Mama Kiongozi akasema. "Pepo amejibu."

Hatukurudi tena, nao hawakutuulizia. Walitusema tu.

Yaliyofuata yalitokea kazini, na hayakuwa na upole wowote. Jumanne moja asubuhi mwalimu mmoja mstaafu alileta suti yake ya kijivu. Nikamwandikia achukue Ijumaa. Jumanne mchana akarudi.

"Suti yangu ipo?"

"Ipo, mwalimu."

"Naomba niione."

Nikamtolea. Akalishika koti, akapindua bitana, akakung'uta, akanirudishia. Jumatano asubuhi akaja tena, tukafanya vile vile. Jumatano mchana alipokuja mara ya tatu, dada alikuwa amelitandaza koti mezani na ubavu mmoja ameshaunyoosha. Alisikia ile sauti ikisema naomba niione, akaliinua koti, akatoka nalo mwenyewe, jasho likimchuruzika.

"Mwalimu, hili koti umeniachia au hujaniachia?"

"Nimekuachia, lakini..."

"Lakini nini? Mtu akiacha, ameacha! Ona hapa. Nilishanyoosha jana, ukaja ukashika, ukakunja. Kila ukija kulishika unanirudisha mwanzo. Kitambaa hiki hukijui, joto lake hulijui. Kazi yako hapa ilikuwa moja, kuleta. Umeshaleta. Nenda nyumbani!"

"Unanifokea mimi? Mimi niliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa huu?"

"Na ulipokuwa unafundisha, mzazi akija kila saa kusimama dirishani kumwangalia mwanawe, ulimfanyaje?"

"Nilimfukuza!"

"Basi na mimi nakufukuza!"

"Sawa," akasema mwalimu. "Lete koti langu."

Akalichukua hivyo hivyo, upande mmoja umenyooka, upande mmoja umekunjamana, akaondoka nalo mkononi. Hakurudi kwetu tena.

Ndipo harufu ikanifikia. Nilikimbia nyuma ya pazia. Katika ile hasira dada alikuwa ameilaza pasi kifudifudi mezani, na moshi ulikuwa unapanda kwenye blanketi la kupigia pasi. Niling'oa plagi, nikamwaga maji. Lilibaki tundu jeusi lenye umbo la pasi. Jambo aliloliogopa tangu utotoni lilitokea mchana huo, na likaishia kwenye blanketi la meza. Mwenye duka akaja akafoka juu ya blanketi, akafoka juu ya mteja aliyepotea, akaondoka.

Dada hakuwa anamsikiliza. Hata tundu hakuliangalia sana.

"Nimemwambia nini yule mzee?" aliniuliza.

"Umemtukana."

"Hapana. Maneno yenyewe."

"Umemwambia mtu akiacha, ameacha. Umemwambia kila akija kulishika anakurudisha mwanzo."

Alivua aproni, akaivaa tena, akatoka uani kwenye kamba za kuanikia. Nikamfuata kwa sababu nilidhani ameugua. Alisimama katikati ya mashuka mabichi, hakuniona, akaanza kusema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeongea na bosi wake akiwa na kosa.

"Bwana, huyu mtoto nilikuletea siku ya ubatizo wake. Nikasema mbele ya kanisa zima nimekuachia. Tangu siku ile nakuja dirishani kwako kila saa. Namtoa, namshika, namkunja upya, halafu nakulaumu wewe kwa nini hanyooki. Nisamehe. Leo namwacha. Nguzo sizijui, umeme siujui. Kazi yangu ilikuwa kumleta. Nikirudi kabla ya wakati, nifukuze."

Akalia kidogo, akapenga kamasi kwenye aproni yake, si kwenye shuka la mteja. Akarudi kupiga pasi.

Sitaki mtu adhani alitoka pale uani ameshakuwa malaika. Wiki ya kwanza aliniletea simu yake kila asubuhi niifungie kwenye droo, na mara mbili alikuja kuiomba, mara mbili nikamnyima, mara moja akanitusi. Asubuhi, kabla hajachomeka plagi, alilitaja jina la mwanawe mara moja, akasema "huyu ni wako," akaanza kazi. Mara moja tu. Niliwahi kumwona anataka kulirudia, akajiziba mdomo.

Siku moja ulikuja upepo wa kung'oa mabati. Umeme ukakatika mtaa mzima, na sote wawili tulijua mafundi watapandishwa. Pasi ilikuwa imepoa, hakukuwa na kazi ya kufanya, na simu ilikuwa kwenye droo yangu mbele ya macho yake. Alichukua mashati yaliyokwisha akaanza kuyakunja. Alikunja yote. Kisha akayakunjua akayakunja tena.

"Dada, nikutolee simu?" nilimwuliza. Hata mimi niliogopa.

"Alishaachwa asubuhi," alisema. "Niache nikunje."

Baada ya hapo likawa jambo la kweli. Akala. Akalala. Akanenepa mpaka aproni ikahitaji kamba nyingine. Jioni moja tulipita kona ya duka la dawa, naye hakusimama. Mimi ndiye niliyesimama.

"Umezima pasi?"

"Nimezima."

"Una hakika?"

"Mdogo wangu, kama unataka kwenda kuangalia, ufunguo huu hapa."

Nilikwenda. Yeye alitangulia nyumbani akiimba.

Unadhani ndugu walifurahi? Kaka alikasirika kana kwamba ameibiwa. "Mama gani huyu?" alisema. "Mwanawe yuko juu ya nguzo, yeye ananenepa!" Mama Kiongozi naye akatuma ujumbe kwamba aje atoe ushuhuda jinsi pepo alivyotoka. Dada akamjibu, "Hakuna pepo aliyetoka. Nilimfukuza mteja." Wakasema ana kiburi.

Na mimi? Mimi ndiye mbaya kuliko wote, ndiyo maana naandika bila kuremba. Mwezi wa tatu tangu siku ya koti, yule binti alinipigia. Alikuwa amesharudishwa kwenye nguzo.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama mzima?"

Ile hasira niliyoihifadhi ilikuwa bado ya moto.

"Mzima kabisa," nikamwambia. "Ananenepa. Wala hakuulizii."

"Sawa," akasema, akakata.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Ningeweza kumweleza habari ya koti, ya uani, ya lile jina la kila asubuhi. Sikumweleza, kwa sababu nilitaka aumie. Wala dada sikumwambia kwamba mwanawe amepiga.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi, saa nne asubuhi, dada aliweka pasi wima, akaizima, akakaa juu ya kapu la nguo.

"Nipe maji," alisema. "Kichwa kinaniuma upande mmoja."

Nikampa. Uso wake ulikuwa umeanza kwenda upande. Nikapiga kelele mwenye duka alete gari. Nikafungua droo nikatoa simu.

"Dada, nimpigie mtoto?"

Aliniangalia, na maneno yalitoka polepole, lakini yalitoka. "Usimpigie akiwa juu. Atakuja akishuka."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikata roho kabla gari halijafika hospitali. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, na kwamba mshipa wa namna ile mtu anaweza kutembea nao tangu utotoni, ukapasuka siku yake.

Sasa turudi sebuleni kwa kaka. Binti ametoka. Mimi naangalia vikombe. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani, lakini niliweka sinia chini nikamfuata. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji.

"Rudi ukakae na kaka yako," aliniambia.

"Mama yako hakufa kwa wasiwasi."

"Wewe ulishaniambia. Hakuniulizia. Alikuwa ananenepa."

Nilimweleza yote. Mwalimu, koti, blanketi, mashuka. Nilimweleza ile siku ya upepo. Hakuniangalia. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho, akasema, "Rudia."

"Usimpigie akiwa juu. Atakuja akishuka."

Akawa anakwangua kutu ya tangi kwa ukucha.

"Miezi mitano," alisema, "nilikuwa nasubiri anipigie ili nimkatie. Nikishuka kwenye nguzo naangalia simu kabla sijafungua ukanda. Hakuna kitu. Nikasema labda amekasirika, nikakupigia wewe. Ukanijibu vile."

"Nilikujibu vile."

"Ulijua kwamba ananitaja kila siku?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira na wewe."

"Mama alijua nimepiga?"

"Hapana."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, na sikustahili nyingine. "Kwa hiyo mjomba anasema nilimuua kwa sababu aliniwaza mno, na wewe ulisema haniwazi kabisa. Nani muongo kati yenu?"

"Wote wawili."

"Basi ingia ndani ukaseme hivyo. Yote mawili. Mbele yake."

Nikaingia. Kaka alikuwa anamalizia hotuba yake kwa waliobaki. Nikamwambia anyamaze, jambo ambalo sijawahi kumwambia tangu nizaliwe. Nikasimulia. Nikasema pia nilichosema kwenye simu, na Mama Kiongozi, aliyekuwa amekuja kutoa pole na kukalia kiti kizuri, akaguna kwa raha.

"Presha haitoki hewani," kaka akasema. "Inaletwa na mtu."

"Daktari hakutaja presha. Ulikuwepo, ulimsikia. Umeamua mwenyewe."

"Na hiyo amani yenu ni amani gani, ya mama kuacha kumwaza mtoto?"

"Ni ile ambayo wewe hukuipenda, kaka, kwa sababu ilikunyima mtu wa kumcheka."

"Ni maombi yetu yaliyomfungua," Mama Kiongozi akaanza.

"Mama, na wewe nyamaza," nikasema, na wala sikujuta.

Kaka akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Mimi nimesema nilichosema. Kikao kimekwisha."

"Hakijaisha," alisema binti. Alikuwa mlangoni, mikono ina kutu. "Kwetu kikao hakiishi bila sala."

"Nani ataomba?" kaka akauliza. "Wewe? Lini mara ya mwisho umeingia kanisani?"

"Sikumbuki. Nitaomba."

Hakufumba macho, wala hakutupa nafasi ya kufumba yetu.

"Mungu, mimi sijui kuongea na wewe kama mama. Nimekasirika. Nimekasirika na mjomba, nimekasirika na mama mdogo, na wewe pia, kwa sababu ulimpumzisha mama na mimi ukaniacha nasubiri simu. Lakini aliniacha mikononi mwako, hakujuta. Kwa hiyo sijamuua. Wewe unajua sijamuua. Jumatatu napanda. Amina."

Tuliitikia wachache. Kaka hakuitikia, na mpaka leo haongei na mimi, wala sijamtafuta. Yule mtoto hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwuliza. Lakini siku ile alipita katikati yetu sote, akanawa mikono, akavuta kiti alichokuwa amekikalia kaka, akauliza kama chakula kimebaki. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu Alhamisi ile. Nilimpakulia. Akala sahani yote bila kuinua kichwa, akaomba nyingine.